Mashine Inayokata Kona

Mashine ninayo hadi leo, na inafanya kazi. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nailalamikia. Betri yake inakaa na chaji, kisu chake hakijashika kutu licha ya hewa ya chumvi ya hapa Galu, na ukibonyeza kitufe inanguruma kwa sauti ya chini kama cherehani. Ninayemlalamikia ni mtu niliyeichagua naye.

Mtu huyo ni Esha, na Esha ni ndugu yangu wa ziwa. Mama yake alifariki siku ile ile aliyomzaa, huko Gazi, na baba yake, asiyejua afanye nini na kichanga, akamleta kwa mama yangu, Bi Mishi, ambaye wakati huo alikuwa akininyonyesha mimi. Mama akanihamishia ziwa la kushoto, la kulia akampa Esha. Ndivyo alivyokuwa akisimulia mwenyewe, kwa kicheko, wageni wakiwa wamejaa barazani. Tukakua tukilala kitanda kimoja na kuchapwa kwa ufito mmoja. Tukaolewa, tukafiwa na waume, tukarudi kujenga pale pale kwa mama, kila mmoja na nyumba yake, na uwanja mmoja katikati.

Sasa mtoto wa ziwa, kwa sheria ya dini yetu, ni ndugu katika mengi lakini harithi. Mama alilijua hilo na lilimkosesha usingizi. Kwa hiyo angali hai, akili zake timamu, alimwita mzee wa mtaa, Mzee Nassir, akasema mbele yake kwamba kiwanja ni cha watoto wake wawili, nusu yangu na nusu ya Esha, na kwamba hiyo ya Esha ni hiba, zawadi ambayo hakuna wa kuirudisha. Nusu moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi hakuonyesha. Kiwanja chetu hakina hati, kama viwanja vingi vya huku. Kina mashahidi tu.

"Msitie ua kati yenu," alituambia. "Mkitia ua mtakuwa majirani, na mimi sikulea majirani."

Alipofariki tulimzika nyumbani, katikati ya nyumba yangu na ya Esha, chini ya mlangilangi ambao Esha aliupanda akiwa mwari. Esha ndiye aliyeng'ang'ania. Wanaume walitaka kumpeleka mama kwenye makaburi ya karibu na msikiti, Esha akasimama mlangoni, macho mekundu, akasema mama haondoki hapa. Basi hakuondoka.

Kila Alhamisi baada ya alasiri tulikuwa tukitandika mikeka yetu, mimi upande huu wa kaburi, yeye upande ule, tukamsomea Yasini. Tukimaliza nilikuwa naomba dua mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa, ingawa tumepishana kwa miezi tu. Nikifika pale pa kusema "Mola mrehemu mama yetu," Esha aliitikia amina ya kusikika hadi barabarani. Na nyumba zetu hazikuwa na hodi. Esha aliingia kwangu akafunua sufuria, mimi niliingia kwake nikachota chumvi. Ndivyo tulivyoishi, na mimi niliamini kwamba ndivyo tutakavyozeeka.

Kilicholeta mambo yote ni nyasi. Mimi nilifanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Diani hadi nilipostaafu, na kila siku nilipita kando ya bustani iliyokatwa kingo zake. Nyasi huku, mchanga kule, na kati yake mstari safi kama pindo la leso mpya. Niliutamani mstari ule kuliko mshahara. Nilipostaafu, mimi na Esha tukapanda ukoka uwanja mzima, kutoka baraza yangu hadi yake, nao ukashika vizuri. Lakini ukoka hauna adabu. Ukiugeuzia mgongo umeshapanda juu ya kijia, umeingia kwenye vitanda vya maua, na masika ya mwaka huu yalipomalizika niliukuta umeshatambaa hadi juu ya mawe yanayozunguka kaburi la mama.

Tulizoea kukata kingo kwa panga na sepetu. Bega langu la kulia, ambalo pasi za hoteli zililimaliza, likakataa. Nikasema nanunua mashine. Mashine za petroli sikuzitaka hata kuzisikia, kwa sababu jirani wa nyumba ya tatu anayo moja, na akiiwasha hata adhana huisikii. Siwezi kunguruma hivyo juu ya kichwa cha mama. Nilitaka ya betri, iliyo tulivu, ambayo mwanamke wa umri wangu anaweza kuinyanyua bila kuita watu.

Mwanzoni Esha alinicheka. "Dada, wenzako wanatafuta unga, wewe unatafuta wembe wa nyasi." Nikamwambia acheke, siku kingo zitakaponyooka atakuja kupiga picha. Halafu akaenda Msambweni kumtembelea binti yake, Twaiba, na aliporudi alikuwa mtu mwingine. Akaingia uani kwangu na simu mkononi, miwani puani, akaketi juu ya kinu, akaanza kunionyesha video za watu wakikata kingo za bustani zao. Kila jioni ikawa ndiyo kazi yetu. Ile ni nzito, ile mpini wake mfupi, ile kisu chake kitamalizwa na mawe ya matumbawe kabla ya Ramadhani. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijua Esha hapendi nyasi, nikaona ameamua kupenda ninachokipenda.

Tukaenda Ukunda, kwenye duka la vifaa. Muuzaji alikuwa kijana wa bara, Gedion, mchangamfu, shati limechomekwa.

"Karibu mathee, tukusaidie na nini?"

"Mathee ni nani?" nikamwuliza. "Na salamu umeiacha wapi?"

Akacheka, akainamisha kichwa. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Sasa nionyeshe mashine za kukata kingo za nyasi, za betri."

Akazileta mbili. Ya kwanza ilikuwa na magurudumu manne, kisu kimesimama wima, unaisukuma kama kigari cha mtoto. Ya pili ilikuwa nyembamba, mpini wake unarefuka na kufupika, ina kigurudumu kimoja cha kuongozea, na kichwa chake kinageuka.

"Hii ya magurudumu ndiyo kusema, mama," alisema Gedion. "Inapiga laini streti, hakuna stori."

Nikaipenda papo hapo, lakini mimi sinunui kitu kabla sijakisumbua. Nikamwuliza kama betri inakuja na mashine, au nitafika nyumbani niambiwe betri na chaja vinauzwa mbali. Akasema vimo ndani ya boksi, akalifungua nikaona. Nikamwuliza kuhusu mchanga wetu, kwamba unaingia kila mahali. Akanionyesha mota ilivyofunikwa. Nikamwuliza kisu kikiisha nitapata kingine hapa au nitatumwa Nairobi. Akaenda nyuma akaja na visu vitatu vya akiba akavipanga mezani. Nikamwuliza stima ikikatika katikati ya kazi itakuwaje. Akasema betri haijui kama stima imekatika. Nikamwona ni kijana mwenye akili.

Muda wote huo mkono wa Esha ulikuwa juu ya mashine ya pili, anakigeuza kile kichwa huku na huku. Halafu akauliza, "Hii ya magurudumu inakata kona?"

"Kona kali hapana, mama. Hii inataka kwenda mbele tu."

"Basi haitufai."

"Haitufai kwa nini?" nikaja juu. "Kijia kimenyooka, vitanda vya maua vimenyooka, baraza imenyooka. Kona ya nini?"

Esha akanitazama juu ya miwani. "Na mama je, dada? Mama ana mawe yaliyomzunguka. Utamzungukaje na kitu kisichojua kugeuka? Utampigia mawe yake yote."

Nilisimama pale dukani, kati ya pampu za maji na mipira iliyoning'inizwa, machozi yakanitoka, Gedion akajifanya anapanga misumari. Nilijiambia, tazama, mimi nawaza mistari yangu ya hoteli na mwenzangu anamuwaza mama. Nikamshika mkono. Tukanunua ile nyembamba.

Siku ya kuijaribu, Esha aliamka mapema kuliko mimi. Nilipotoka na kikombe changu cha kahawa nilikuta ameshapigilia vijiti na kufunga kamba. Nilidhani tutaanza na kijia.

"Tuanze na katikati," alisema. "Tupitishe mstari mmoja mrefu kutoka barabarani hadi nyuma, tuuchimbe vizuri, halafu tuupande maua. Kama bustani zako za Diani."

Bustani zangu za Diani! Alijua pa kunikuna. Nikaifuata kamba kwa macho. Ilitoka barabarani ikiwa imenyooka, ikafika kwenye mlangilangi, pale ikajikunja kwenda upande wa Esha, ikauzunguka mti, ikalizunguka na kaburi lote, halafu ikarudi kwenye mstari wake na kunyooka tena hadi nyuma.

"Hapo katikati umejipunja, Esha," nikamwambia. "Umekatia sana kwako."

"Dada," akasema, "baina yetu sisi kuna kwangu na kwako?"

Nikaona haya kwa kuuliza. Nikawasha mashine.

Wallahi ilikuwa raha. Kisu kilizama kwenye ukoka kama katika maandazi, na nyuma yangu ukabaki mfereji mwembamba wenye kingo safi. Esha alitangulia mbele akiishika kamba isitikisike. Tulipofika kwenye kaburi nikakigeuza kichwa cha mashine na yenyewe ikageuka kwa upole, ikalizunguka kaburi bila kugusa hata jiwe moja. Nikapiga kigelegele peke yangu. Pale pa kona nilifanya kazi nzuri kuliko popote, kwa sababu nilidhani namfanyia mama.

Tulikuwa karibu kumaliza Mzee Nassir alipotokea. Esha akasema amemwona akipita akamwita anywe chai. Kulikuwa na chai ya tangawizi, kulikuwa na mahamri ya moto, na mimi sikujiuliza mahamri yale yalikandwa saa ngapi na kwa ajili ya nani. Mzee akautembea mstari wote, mikono nyuma, taratibu, kutoka barabarani hadi mwisho, akarudi.

"Ndivyo mlivyokubaliana?" akaniuliza.

"Ndivyo, mzee wangu, tena kwa furaha," nikamjibu, jasho linanitiririka, nacheka. Nilidhani anauliza habari za maua.

"Alhamdulillahi," akasema, akachukua hamri jingine.

Maua hayakupandwa. Kila nikiuliza, Esha alisema miche bado, miche inakuja. Kisha nikafiwa na mwenzangu mmoja wa zamani wa hoteli, na matanga yakawa Msambweni. Nikaenda, nikakaa na wafiwa hadi kisomo kilipokwisha. Niliporudi nilikuta lori la mawe mbele ya nyumba zetu, na wanaume wamejipanga kwenye ule mstari wangu na majembe na sururu.

Msimamizi wao alinijia, kijana mrefu, kofia mkononi. Jina lake Dishon, nalijua kwa sababu aliniambia mwenyewe, kwa heshima zote.

"Shikamoo mama. Pole kwa vumbi, tutajaribu kuharakisha."

"Marahaba. Mnachimba nini?"

"Msingi wa ukuta, mama. Wenye ploti wanataka ukuta kwanza ndio waanze nyumba za wageni." Kisha akautazama mfereji kwa macho ya mtu anayeipenda kazi yake. "Hii laini nani aliwachorea? Imetusaidia sana. Hata pale kwa kaburi wamezunguka vizuri. Hatukuhitaji kupima tena, mzee wa mtaa alituambia mpaka ni huu huu."

"Ni mimi," nikamwambia.

"Kazi safi, mama," akasema, na alikuwa anasema kweli tupu.

Miguu ilinipeleka kwa Esha yenyewe. Niliingia bila hodi, kama nilivyoingia maisha yangu yote. Vitu vilikuwa vimefungwa, magodoro yamekunjwa na kukazwa kamba, kabati limefunguliwa na ndani hamna kitu. Esha alikuwa chini sakafuni, anakunja leso zake moja moja. Hakuinua uso.

"Umeuza," nikasema.

"Nimeuza."

"Umeuza uwanja wa mama."

"Nimeuza nusu yangu. Mama alinipa, na wewe ulikuwapo."

"Na ile kona?"

Aliikunja leso aliyokuwa nayo hadi ikawa ndogo ya kutia mfukoni.

"Hawakutaka kiwanja chenye kaburi," akasema. "Walisema kaburi likiwa ndani hawanunui. Kaburi nimekuachia wewe, dada, na mti, na nafasi ya kuzunguka. Umepata zaidi ya nusu. Sikukudhulumu hata hatua moja."

Nilimwangalia. Nilimwona amesimama pale dukani, anakigeuza kichwa cha mashine huku na huku, anauliza kama inakata kona. Nikakumbuka machozi yangu kati ya zile pampu, na mkono wake nilioushika mimi mwenyewe kwa shukrani.

"Uliwazuia wanaume mlangoni," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa imepanda, mafundi nje waliacha kuchimba. "Ulilia. Ulisema mama haondoki hapa!"

"Na hakuondoka. Ninayeondoka ni mimi."

"Ungeniambia! Mali ya shirika ukitaka kuuza fungu lako unamwambia mwenzio kwanza, akitaka anunue yeye. Dini imenipa haki hiyo, Esha. Shufaa! Ningewaita wanangu, ningeuza milango ya nyumba, ningeinunua mimi!"

"Najua ungeinunua," akasema. "Ndiyo sababu." Sasa aliinua uso, na haukuwa uso wa mtu anayeona haya. Ulikuwa umechoka tu. "Mpaka ukishawekwa kwa ridhaa, dada, shirika limekwisha, na shufaa haipo tena. Nilimwuliza Maalim Alamin wa msikitini."

"Ulimwuliza lini?"

"Kabla hatujaenda dukani."

Nilikaa chini. Hakukuwa na kiti, vyote vilikuwa vimefungwa, nikakaa juu ya gunia la vyombo vyake, vikalia. Kabla hatujaenda dukani. Basi zile jioni za video juu ya kinu changu, ile mashine nzito na ile nyepesi, ile kamba na vile vijiti, yale mahamri, lile swali la Mzee Nassir na lile jibu langu la kipumbavu la furaha, yote yalikuwa yamepangwa kama vyombo vya harusi. Aliyenikata mkono alinipa kisu nikashika mwenyewe, tena nikashukuru.

"Nilikukosea nini?" nikamwuliza.

"Hukunikosea," akasema Esha. "Hapo ndipo penye shida. Wewe na mama hamkunikosea hata siku moja. Mlinipa. Ziwa nilipewa, kitanda nilipewa, kiwanja nilipewa, na kila mgeni aliyekuja aliambiwa. Hata kwenye arusi yangu, dada, ulisimama mbele ya wakwe zangu ukawasimulia ziwa la kushoto na la kulia, wakacheka, na mimi nimekaa na hina zangu mikononi. Nimesema ahsante maisha yangu yote. Twaiba ana nyumba Msambweni, na nitaongeza chumba changu kwa jasho la kuuza kilicho changu. Nataka nifie mahali ambapo sikupewa na mtu."

"Lile lilikuwa pendo! Tulikuwa tunasimulia kwa pendo!"

"Najua. Ndiyo maana sikuweza kukuambia."

Mtu mwingine angelia naye. Mimi nilimwambia mambo mengine mazito, ambayo hata nikiulizwa Kiyama nitayarudia, kwa sababu mtu anayetaka kuondoka huondoka kwa mlango, hamwambii dada yake amchimbie njia. Kama alichoka kusema ahsante, angesema basi. Angenitukana. Angekuja uani akapasua vyungu vyangu vyote, ningevizoa vigae na kesho tungekunywa chai. Lakini kunikalisha jioni baada ya jioni, kichwa kwa kichwa juu ya simu moja, akijua! Hilo sikumsamehe, na bado.

Siku ya pili yake alihama. Sikutoka nje. Nilisikia gari likipakiwa, nikasikia akimwelekeza dereva kuhusu kabati, kisha nikasikia hatua zake zikija hadi kwenye mfereji, zikasimama. Msingi ulikuwa umeshamwagwa zege. Angeweza kuuruka, ni chini ya goti. Hakuuruka.

Nilikwenda kwa Maalim Alamin, msidhani nilikaa kimya. Alinisikiliza, akaniuliza kama mpaka niliuweka kwa hiari yangu, na kama palikuwa na shahidi. Nikamwambia ndiyo, na ndiyo. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akasema alimjibu Esha swali la dini bila kujua linaulizwa kwa ajili gani, na kwamba ananiombea subira. Nikamwambia subira ninayo, iko ghalani pamoja na mashine.

Ukuta ukapanda. Mafundi wa Dishon waliilaumu sana ile kona, kwa sababu mawe hayapendi kukunjwa, ilibidi wayachonge moja moja. Lakini waliijenga vizuri. Ukiutazama ukuta kutoka barabarani unauona umenyooka, kisha umebetuka ghafla kama uliompisha mtu njia, kisha umenyooka tena. Wapita njia huuliza kuna nini. Ndani ya kibetuko hicho ndimo alimo mama, na mlangilangi, na mimi siku za Alhamisi.

Alhamisi ya kwanza baada ya ukuta kukamilika nilitoka na mkeka wangu na msahafu. Nilikwangua vumbi la saruji juu ya mawe ya kaburi, nikautandika mkeka upande wangu. Nilipoinua macho ndipo nilipoona kitu ambacho siku zote za ujenzi sikukiona. Tangu tulipomzika mama, Esha alikuwa akiketi upande wa pili, mgongo wake kuelekea nyumba yake, magoti yake karibu yaguse mawe. Nafasi ya kuzunguka aliyoniachia haikufika hapo. Ukuta ulipita juu ya mahali pa mkeka wake. Hata kama angetaka kukaa, hapakuwa tena na pa kukaa.

Nilifungua Yasini nikaanza. Sikuwa nimefika mbali niliposikia pikipiki ikisimama barabarani, na viatu ninavyovijua vikija mpaka kwenye lango langu. Lango ni jipya, nililiweka baada ya ukuta, kwa kuwa sasa upande ule wa kupitia haupo.

"Hodi," akasema Esha.

Maisha yetu yote sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Hakujua hata alitamke vipi kwangu, lilitoka dogo, kama la mtu aliyekuja kuomba moto. Nikaendelea kusoma.

"Hodi, dada."

Kupitia kwenye nyufa za lango niliona rangi ya buibui lake, na chini ya kwapa mkeka umekunjwa. Alikuwa amekuja na mkeka wake kutoka Msambweni. Nikapoteza aya, nikairudia.

"Hodi," akasema mara ya tatu.

Sote tulifundishwa na mama yule yule. Mtu hubisha hodi mara tatu, asipoitikiwa hurudi alikotoka, hana ruhusa ya kuongeza ya nne. Alisubiri. Nami nilisubiri, kidole juu ya mstari, hadi nikasikia viatu vikigeuka na pikipiki ikiwashwa.

Nikamaliza Yasini peke yangu. Nikainua mikono kuomba dua kama kawaida, nikamwombea pepo, nikamwombea nuru kaburini. Nikafika pale pa kusema Mola mrehemu mama yetu.

Nikasema mama yangu. Hakuna aliyeitikia amina.